Pesa ya kumalizia mkataba wa boda au nikomboe mikorosho ya mama? Naombeni ushauri wakuu

Kijana wa Chamazi

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mnisome hadi mwisho maana hili jambo limeninyima usingizi na hapa kijiweni siwezi kuliongea, wenzangu karibu wote wana ya kwao yanawabana.

Mi ni dereva boda huku Mbagala, nyumbani ni Masasi vijijini. Pikipiki ni ya mkataba, hesabu ni elfu 10 kwa siku, kila Jumamosi nampelekea tajiri mwenye chombo 60,000 na Jumapili ni yangu. Imebaki kama robo hivi nimalize, nikimaliza ananikabidhi kadi chombo kinakuwa changu. Siku nzuri naingiza 25 mpaka 30, toa petroli, toa chakula cha mchana, toa ile elfu 10 ya watu, nabaki na elfu 5 au 6 hapo bado cheni na spoketi hazijaisha, bado tairi, bado kodi ya chumba 40 kwa mwezi. Nyumbani natuma 40 au 50 kwa ajili ya mama na mdogo wetu wa kike yuko kidato cha tatu, ada hakuna siku hizi ila michango, madaftari na sare vipo palepale.

Pembeni nimekuwa naweka kidogo kidogo kwenye kikoba cha kijiweni imefika kama laki 6. Nilishaongea na tajiri, akasema nikimpa hiyo kwa mkupuo atanipunguzia siku za mwisho.

Sasa shida yenyewe. Kaka yangu mkubwa alikuwa ananunua ufuta na mbaazi kwa wakulima anaenda kuuza, mwaka jana ikamwendea vibaya, akakopa huku na huku zikiwemo hizi za kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, mwisho wa siku kaenda kuweka rehani mikorosho ya mama kwa mzee mmoja pale kijijini kwa laki 8. Mama anasema aliambiwa ila hakuelewa vizuri alichoambiwa. Mjomba kaitisha kikao, na nyie watu wa kusini mnajua kwetu mjomba akishatamka ndio imetoka hiyo, wakakubaliana mimi ndio nikomboe kwasababu mimi nina pikipiki Dar. Nikawaambia pikipiki bado sio yangu, mjomba akajibu basi kakope.

Ningekuwa na kaka mwingine ningesema hapana nikalala. Ila huyu baba alipofariki aliacha shule akaenda kubeba magunia maghalani Masasi mjini ili mimi nimalize form four. Nilipoanza form one alininunulia viatu vyeusi vya ngozi, yeye siku hiyo kaja kunisindikiza na yeboyebo zimekatika kafunga na waya. Nauli ya kuja Dar kanipa yeye. Namkanaje mtu kama huyo?

Lakini nikitoa hii hela yote alafu mwezi ukawa mbaya, nikakosa hesabu wiki mbili mfululizo, tajiri anachukua chombo chake, mkataba unasema hivyo, na vyote nilivyokwisha lipa ndo vimeenda. Hapo tutakuwa tumezama wote, mimi, kaka, mama na yule mtoto wa shule. Nishaurini wakuu, sitaki matusi kwa kaka yangu tafadhali.

Nguvu Mpya

Pole sana mkuu. Mi ushauri wangu ni mfupi, maliza mkataba. Hiyo laki 6 ni ya chombo, usiiguse hata kwa bahati mbaya. Kaka yako ni mtu mzima, alikopa kwa akili zake, na mtego wa kusaidia ndugu mwenye kausha damu ni kwamba ukilipa moja kuna nyingine mbili hajakwambia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini na anayetegemewa naye anakufa maskini vilevile, nimeona mtaani kwetu vijana wazuri kabisa wana miaka 40 hawana hata kiwanja kila walichopata kilienda nyumbani. Punguza kupokea simu mpaka kadi iwe mkononi, baada ya hapo utawasaidia ukiwa umesimama.

Mama wa Muheza

Wewe Nguvu Mpya usimwambie mtoto wa watu asipokee simu ya mama yake. Kuna simu nyingine ikikupita hairudi tena.

Mwanangu wa Chamazi, mimi nililazwa kwa muda mrefu hospitali ya rufaa, mwaka huo sitausahau. Waliokuwa wananiletea uji asubuhi na kunigeuza kitandani walikuwa wadogo zangu wawili na mtoto wa shangazi, wanalala nje kwenye khanga, mvua ikinyesha wanahamia kwenye kibaraza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na hela, wengine niliwahi kuwasomesha wengine sijawahi kuwapa hata shilingi. Watu mkiwa na nguvu mnaona ndugu ni mzigo, siku mwili ukikataa ndipo unajua walikuwa wanakaa wapi. Pikipiki ni ya kuanguka nayo pia mwanangu, Mungu apishe mbali, ukivunjika mguu leo tajiri hatakuja kukuogesha.

Sisemi utoe yote. Ila usikae kimya, ukimya wa mtu wa mjini kule nyumbani wanausoma kuwa ni dharau. Na mama yako kama kavuka miaka 60 muulizieni kwa mtendaji kile kitambulisho cha wazee cha matibabu, asiwe anatoa hela ya dawa mfukoni kwenye hizo unazomtumia.

Mkulima Newala

Mkuu nimesoma vizuri na kuna kitu hujatuambia ambacho ndio kila kitu. Hiyo rehani ni ya aina gani?

Huku kwetu kuna za namna mbili. Kuna ya msimu, mtu anakupa hela yeye anavuna msimu mmoja au miwili mkikubaliana, ikiisha miti inarudi kwa mwenyewe hakuna anayedaiwa. Hiyo kama ndiyo basi usitoe hata mia, vumilieni msimu upite. Ya pili ni ile mbaya, anakupa laki 8 anavuna mpaka siku utakayomrudishia laki 8 yake kamili. Anaweza kuvuna miaka 5 na deni halijapungua hata senti, maana yale mavuno hayahesabiwi kama malipo. Familia nyingi huku zimepoteza mashamba kwa staili hiyo, mzee anakufa watoto wanakuta miti ya babu yao inapigwa dawa na mtu mwingine na hakuna anayekumbuka ilianzaje.

Alafu piga hesabu uone kinachogombewa. Mama ana mikorosho mingapi? Tuseme 60, mti uliotunzwa vizuri ukikupa kilo 8 hiyo ni kilo 480. Bei inapanda na kushuka, 2018 serikali iliingilia kati ikatangaza 3,300 kwa kilo, 2024 minada ya kwanza ilivuka 4,000, ila we weka chini kabisa baada ya makato ukute 2,500 mkononi. Ni milioni 1 na laki 2 kwa msimu mmoja. Yani yule mzee kwa laki 8 anaweza kurudisha hela yake yote na faida juu ndani ya msimu mmoja tu na miti akabaki nayo. Kwaiyo wanaosema hii ni hela ya kumsaidia kaka hawajaelewa, hapa anayeporwa ni mama na yule binti wa kidato cha tatu.

Ila hata mimi sikushauri utoe laki 6 yako. Hii ni kwa sababu kuna njia ambayo watu wameshaifanya huku nimeiona kwa macho. Minada inaanza mwezi wa 10. Mkakae na yule mzee, mbele ya uongozi wa kijiji, mkubaliane korosho zote za shamba hilo zipelekwe AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwa jina la mama, stakabadhi iwe ya mama, malipo yakiingia akaunti ya mama mnamlipa mzee laki 8 na kifuta jasho kidogo, rehani inachanwa siku hiyohiyo. Mzee akiwa muungwana anakubali maana hela yake inarudi mapema. Kitu ambacho kinatakiwa kutoka kwako sasa hivi ni kidogo tu, hela ya kupalilia na ya mtu wa kupuliza, maana huu ndio wakati wa kupuliza salfa, mti ukishaliwa na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, maua yanakauka na hamtakuwa na cha kulipia deni lolote.

Jambo la mwisho nalisema kwa uchungu. Kuelekea msimu huku hela inakuwa imekata kabisa, ndipo watu wa kangomba, walanguzi, wanapita usiku na ndoo zao wananunua korosho ingali juu ya mti kwa bei ya kutupa. Serikali imepiga marufuku ila njaa haisomi tangazo. Kama utapunguza kutuma nyumbani punguza miezi mingine, mwezi wa 8 na wa 9 usipunguze. Elfu 30 yako ya unga mwezi ule inaweza kuzuia mama asiuze kitu cha laki 2.

Kijana wa Chamazi

Mkuu wa Newala Mungu akubariki sana, nimempigia mdogo wangu akanisomea karatasi kwa simu. Ni ile ya pili. Imeandikwa "mpaka deni litakaporudishwa lote", kuna sahihi ya kaka, ya yule mzee na shahidi mmoja, ya mama haipo. Miti ni 50 na kitu. Shamba ni la mama kabisa, alipewa na bibi yetu mzaa mama.

Nguvu Mpya

Sasa unaona, sahihi ya mama haipo. Kaka kauza kisicho chake. Mi narudia palepale, hiyo ni kesi, peleka kesi. Heshima kwa kaka sio ruhusa ya kumwibia mama.

Mama wa Muheza

Kesi ya mama na mtoto wake wa kumzaa? Hiyo nyumba itakaa vipi baada ya hukumu? Huyo mama atakufa kwa presha kabla ya korosho kuiva.

Binti Kilifi

Hamjambo. Mimi ni Mkenya kutoka Kilifi, kwa sasa niko Saudia nafanya kazi za nyumba, napata riyali 900 kwa mwezi na simu napewa usiku tu nikimaliza vyombo. Ndugu yangu wa Chamazi hadithi yako nimeisoma mpaka nikalia kwa sababu ni yetu sote.

Nikikuja huku nyumbani walifanya sherehe kana kwamba nishatajirika. Mwezi wa kwanza wa mshahara nikapokea meseji za watu hata siwajui vizuri, karo, mabati, mazishi, deni la duka. Na mimi bado namlipa yule aliyenitolea pesa za medikali na pasipoti. Nikatuma, nikatuma, mpaka mwenzangu mmoja wa Taita akaniketisha akaniuliza ukirudi mkataba ukiisha utashukia wapi? Nikakosa jibu. Huku tumewaona wasichana wanarudi na begi moja baada ya miaka miwili, na nyumbani wanaulizwa pesa ulikuwa unapeleka wapi, na wanaouliza ndio waliokula.

Kile nafanya siku hizi ni hivi. Situmii mtu pesa mkononi isipokuwa mama. Karo nalipa kwa akaunti ya shule. Unga na mafuta nimeelewana na mwenye duka, mama anachukua nalipa mwisho wa mwezi. Chama changu na wenzangu sikigusi, na nyumbani wanajua kuna chama na wanajua ni cha nini, niliwaambia wazi ni cha kununua ploti ndogo ya mama na mimi tujenge. Hapo ndipo kelele zilipungua. Walikuwa wanafikiri nawaficha, wakielewa pesa iko wapi na inafanya nini wanakuwa wapole kidogo, si wote lakini mama na dada walinielewa na hao ndio nahitaji.

Kwa hivyo waambie watu wa kwenu hesabu yako yote. Elfu 10 ya tajiri, petroli, kodi, zote. Mjomba wako hajui. Yeye anaona picha yako umekaa juu ya pikipiki.

Mstaafu Ukonga

Mwanangu, nimekuwa nawasoma tu lakini hapo kwa binti wa Kilifi nimeona niongeze.

Sisi tumepita kwenye shida za miaka ile baada ya vita vya Kagera, kuanzia 1980 kwenda 84, 85. Mshahara unao lakini dukani hamna kitu, sukari na sabuni kwa foleni na kwa mgao, tulikula unga wa yanga, yale mahindi ya njano, miezi na miezi. Nilikuwa karani na watoto wanne. Kilichotuvusha ni ndugu wa Kyela waliokuwa wanatuletea mchele, wanaupitisha mageti ya barabarani roho mkononi maana kusafirisha nafaka kiholela ilikuwa kosa. Na sisi mke wangu akipata mche wa sabuni anakata nusu, nusu anafunga kwenye gazeti inapanda basi kwenda Kyela, akipata doti ya khanga vilevile. Hatukuwahi kuita ule ni msaada. Kila upande ulitoa ulichonacho na kila upande ulijua mwenzake anapitia nini, kwa sababu tulikuwa tunaonana. Mtu akija Dar analala kwetu sakafuni na anakula yanga na sisi, akirudi anasimulia.

Leo hela inatoka kwenye simu inaingia kwenye simu. Hakuna mtu wa Masasi aliyeona chumba chako cha Chamazi. Na wewe hujaona kaka yako anaamkaje asubuhi kwa aibu ya kile alichomfanyia mama yake. Sasa swali langu ni moja, katika kikao hicho mmeongea utatoa nini wewe, je kaka anatoa nini? Mjomba anatoa nini? Huyu kaka alibeba magunia kwa ajili yako, mikono ile bado anayo. Apalilie yeye, apulize yeye, aokote korosho zote yeye mpaka deni liishe, na shamba lirudi likiwa limesafishwa kwa jasho lake. Mkimwacha pembeni kama mtuhumiwa huku wewe unalipa, mtakuwa mmemmaliza kabisa, mwanaume aliyelipiwa kila kitu na mdogo wake hana tena pa kukaa kwenye ukoo.

Nenda mwenyewe. Jambo la ardhi halimalizwi kwa simu.

Boda Mkongwe Temeke

Shikamoo mzee, umeongea. Mi naongezea upande wa chombo tu maana hiyo ndio kazi yangu muda mrefu.

Mdogo wangu kabla hujapanda basi fanya haya. Mkataba wako una karatasi? Kama una karatasi soma kipengele cha kuchelewa hesabu, wengine wanaandika siku 3 wengine wiki, usije ukaenda Masasi siku 5 ukarudi ukakuta chombo hakipo. Mwambie tajiri ukweli una tatizo la kifamilia, omba ama akusimamishie hizo siku zihamie mwisho wa mkataba, ama akuruhusu umwachie deiwaka, dereva wa kukushikia kwa siku. Ruhusa iwe ya meseji sio ya mdomo. Usimwachie deiwaka kimyakimya, akigonga mtu huko wewe ndio unadaiwa chombo na mkataba umevunjika.

Daftari la hesabu unalo? Kila Jumamosi asaini yeye na wewe, kama unalipa kwa simu tunza zile meseji za muamala usifute hata moja. Nimeona watu wanafika mwisho tajiri anasema bado miezi miwili na dereva hana hata karatasi ya kumbishia. Na ile laki 6 usimpe kwa mkupuo mpaka aandike ni siku ngapi anakata, maana "nitakupunguzia" sio hesabu.

Kuhusu kukopa kausha damu ili umkomboe mama, hilo usiliwaze kabisa. Ndio lililomfikisha kaka yako hapo.

Kijana wa Chamazi

Shikamoo mzee wangu, shikamoo mama. Wakuu wote asanteni, sijui niseme nini.

Nimeongea na tajiri jana jioni, kakubali siku 6 zihamie mwisho na kanitumia meseji. Naondoka Jumapili na basi la asubuhi hapa Rangi Tatu. Laki 6 inabaki kikobani, mfukoni nimetoa elfu 70 tu ya kibarua cha kupuliza na nauli. Kaka nimempigia mwenyewe kabla ya mjomba, nikamwambia sijaja kumhukumu ila shamba litapaliliwa na yeye, akanyamaza muda mrefu alafu akasema amekwisha anza kufyeka upande wa chini tangu juzi. Mama wa Muheza umenisaidia sana kwenye hilo, mi nilikuwa nataka kuanza na mtendaji.

Swali moja kwa mkuu wa Newala, yule mzee wa rehani akikataa kuuza kwa jina la mama, tunaanzia wapi? Mtendaji au baraza la kata?

Mkulima Newala

Anzeni na mwenyekiti wa kitongoji chenu, yeye anayajua mashamba na mipaka na anajua hilo ni la mama yako toka kwa bibi. Awaandikie, kisha mwende kwa mtendaji wa kijiji. Baraza la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu haliamui kesi ya ardhi, ikishindikana huko ndio baraza la ardhi la wilaya, ila sidhani mtafika huko, mzee mwenyewe akisikia sahihi ya mwenye shamba haipo atakaa chini muongee.

Nenda na mama, nenda na kaka, na mjomba aongee yeye kwa niaba yenu maana ndio heshima yake hiyo. Ile karatasi itoe kopi mbili ukishuka Masasi mjini kabla hujafika kijijini, na ulizia AMCOS kama mama yumo kwenye daftari la wakulima na akaunti yake ya benki ipo hai, kama haipo ifungueni wiki hiyohiyo ukiwa bado upo. Salfa ulizeni palepale AMCOS mgao wa ruzuku umefikia wapi, msinunue ya dukani kabla hamjauliza.

Ukifika nipe taarifa hapa, mi nipo.